Polishi, koti la PU au kuacha bila koti? Kulinda sakafu za vinaili Mtwara na Lindi

Vigae vya vinaili vikishabandikwa dukani, ofisini au wodini, fundi huuliza jambo moja kabla hajakusanya vifaa vyake: juu tupake nini? Majibu yanayozunguka ni matatu. Wapo wanaopaka polishi ya akriliki mkono juu ya mkono, yaani tabaka juu ya tabaka, na kuivua kila baada ya muda. Wapo wanaopaka koti gumu la poliurithani, lile mafundi wanaloliita PU, ambalo likishakomaa halivuliwi kwa urahisi. Na wapo wasiopaka kitu, wanategemea ufagio, kapeti la mlangoni na deki nzuri. Njia zote tatu zinafanya kazi, na zote tatu zimeshaharibu sakafu za watu. Mara nyingi sakafu iliharibika kwa sababu njia ilichaguliwa kwa kutazama mng'ao wa siku ya kwanza, bila kuuliza nani atasugua, kwa maji gani, na umeme ukikatika katikati ya kazi itakuwaje.

Ujue kwanza umebandika nini

Vigae vinavyouzwa kwa jina la vinaili au PVC si vya aina moja. Cha kwanza ni kigae kigumu cha mchanganyiko, kwa kawaida sentimita 30 kwa 30 na unene wa milimita 3 hivi. Sehemu kubwa ya uzito wake ni unga wa chokaa ulioshikwa pamoja na PVC, na rangi yake imeenda mpaka chini. Kina vinyweleo, kwa hiyo kikiachwa wazi hunywa uchafu. Cha pili ni kigae laini chenye picha ya mbao au marumaru, na juu ya picha kuna tabaka angavu la kulinda. Kwa nyumba tabaka hilo huwa milimita 0.3, kwa biashara 0.55 au zaidi, na vingi hutoka kiwandani vikiwa na koti jembamba la PU juu yake.

Chukua kipande kilichobaki ukikunje. Cha mchanganyiko hukatika kama biskuti, cha tabaka hupinda na kurudi. Kama sakafu umeikuta imeshabandikwa na hujui kama ina polishi, nenda kona ya nyuma ya mlango, dondosha dawa ya kuvulia polishi iliyochanganywa na maji, subiri dakika 5 kisha kwangua kwa kijiti. Ukitoka utando mweupe au wa kijivu unaonata, polishi ipo.

Jambo moja la hatari: majengo ya zamani yenye vigae vidogo vya inchi 9, yaani sentimita 23 hivi, yanaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu, ndani ya kigae au kwenye gundi yake nyeusi. Vigae hivyo usivisugue vikiwa vikavu, usivikwangue wala kuvipiga msasa. Vilivyo vizima viachwe na vilindwe kwa juu.

Vigezo vya kulinganishia

Bei ya ndoo isikutangulie. Kwenye sakafu ya biashara fedha nyingi huishia kwenye saa za kazi na siku za kufunga milango, si kwenye dawa yenyewe. Pima kwanza mchanga na idadi ya miguu inayopita. Mchanga wetu mwingi ni wa kwazi, ambao kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs uko namba 7, wakati chokaa iliyo ndani ya kigae iko namba 3. Kila kiatu kinachoingia na mchanga kinapiga msasa.

Pima maji. Mvua za Mtwara na Lindi ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo hewa ina unyevu kiasi kwamba polishi ya nusu saa huchukua saa nzima na zaidi. Visima vya karibu na bahari vinaweza kuwa na chumvi, na chumvi hiyo hubaki juu ya sakafu kama ukungu mweupe ambao watu huudhani ni polishi mbovu. Newala na maeneo mengine ya juu ya tambarare ya Makonde, maji yenyewe ni ya kutafuta.

Kisha uliza: kuna mashine ya kusugua na umeme wa kuiendesha? Jengo linaweza kufungwa kwa saa ngapi? Nani atadeki kila siku, na je, atabaki au hubadilishwa kila miezi michache? Kitu gani humwagika: maji, mafuta, dawa, spiriti? Na utelezi: wazee na wagonjwa wakipita, mng'ao si kigezo cha kwanza.

Mambo yanayozihusu njia zote

Hakuna koti linaloshinda mlango usio na kapeti. Nje weka kifuta miguu kigumu cha makumbi ya nazi, mita 2 kama nafasi ipo. Ndani weka kapeti la kunyonya maji, mita 3 hivi, ili kila mguu ukanyage mara kadhaa kabla ya kufika kwenye kigae. Likung'ute kila siku. Kapeti lililojaa mchanga haligusi tena kiatu, linakuwa ghala la mchanga tu.

Lakini angalia mgongo wa kapeti hilo. Mpira mweusi una kemikali za kuuzuia usizeeke, na kemikali hizo huhamia ndani ya vinaili na kuacha doa la kahawia au manjano lisilotoka kwa sabuni, dawa ya kuvulia wala msasa. Chagua lenye mgongo wa PVC au wa kufumwa. Tatizo hilohilo linaletwa na pikipiki inayolazwa ndani ya duka usiku: tairi mbili zinazosimama mahali pamoja kwa wiki kadhaa huacha alama mbili za kahawia, na dawa yake ni kubadilisha vigae. Ubao wa plaiwudi chini ya tairi unatosha kuzuia. Miguu ya meza na makabati yenye vikofia vya mpira nayo ihesabu.

Unyevu wa chini ndio unaosahaulika. Jengo la chini ambalo zege lake halikutandikiwa nailoni hupandisha unyevu taratibu. Dalili zake ni gundi inayochungulia kwenye maungio, ungaunga mweupe wa chumvi, na kona zinazonyanyuka. Kabla ya kubandika, bandika kipande cha nailoni nene sentimita 50 kwa 50 juu ya zege, ziba kingo zote kwa utepe, uache kwa saa 16 hadi 24. Ukikuta matone chini yake au zege limekoza rangi, tatizo lishughulikiwe pale, maana hakuna kitu cha kupaka juu ya kigae kitakachozuia maji yanayotoka chini yake.

Na ile polishi nyekundu ya kopo inayopakwa kwenye sakafu za saruji, au kitambaa chenye mafuta ya taa ili sakafu "iamke": kwenye vinaili visitumike. Kiyeyusho hulainisha kigae, nta hushika vumbi na kuteleza, na baadaye PU haitashika hapo kamwe.

Njia ya kwanza: polishi ya akriliki

*Inavyofanya kazi.* Ni maji meupe kama maziwa yenye chembe za plastiki ngumu. Maji yakikauka, chembe zinaungana na kuwa ngozi angavu. Ngozi hiyo ndiyo inayochubuliwa na mchanga badala ya kigae, na imetengenezwa ili ivuliwe na kuwekwa upya. Kwa kigae cha mchanganyiko hii ndiyo njia ya asili yake.

*Kazi na vifaa.* Sakafu mpya isilowanishwe kwa siku 5 ili gundi ishike. Baada ya hapo isafishe kwa sabuni isiyo kali, suuza mara 2, iache ikauke kabisa. Paka mikono 4 hadi 6 myembamba kwa mopu mpya iliyooshwa kwanza ili isitoe nyuzi. Lita 1 hufunika kama mita za mraba 45 kwa mkono mmoja. Kwa ukumbi wa mita 200 na mikono 5, hizo ni lita 22, kwa hiyo agiza 25. Ukinunua Dar es Salaam, usisubiri ziishe ndipo upige simu. Barabara ikiharibika wakati wa mvua, sakafu itakaa uchi.

Mkono wa kwanza na wa mwisho ufike ukutani. Ya katikati iishie sentimita 15 kabla ya ukuta, kwa sababu pembeni hapakanyagwi na polishi hujaa hapo, inabadilika kuwa ya manjano na kuwa kero siku ya kuivua. Kati ya mkono na mkono, gusa sakafu kwa mgongo wa kiganja. Ikihisi ubaridi au ikinata, bado. Kiangazi dakika 30 hadi 45 zinatosha. Masika hesabu saa 1 hadi 1 na nusu. Feni isielekezwe sakafuni, kwani hukausha ngozi ya juu huku chini kukiwa kubichi, na matokeo yake ni nyufa ndogondogo. Ielekeze juu izungushe hewa. Usizidishe mikono 4 kwa siku. Polishi iliyobaki kwenye ndoo ya kazi usiirudishe kwenye galoni. Uchafu kidogo tu unaliozesha lote.

Matunzo: kufagia kwa mopu kavu kila siku, deki ya sabuni isiyo kali, na kila mwezi kusugua kwa mashine yenye pedi nyekundu ili kurudisha mng'ao. Penye watu wengi, kila miezi 3 hadi 4 sugua tabaka la juu kwa pedi ya kijani au bluu, suuza, ongeza mkono 1 au 2. Ukifanya hivyo, kuvua kabisa kunaweza kusubiri mwaka 1 hadi 2.

Kuvua ndiko kunakotisha. Dawa ya kuvulia ni kali, pH yake (kipimo cha utindikali na ualkali) huwa karibu 12 au 13; glavu, miwani na mabuti ya mpira ni lazima, na sakafu inateleza kupita kiasi. Changanya kama lebo inavyosema, mara nyingi sehemu 1 ya dawa kwa 4 hadi 8 za maji. Mwaga kwenye kipande cha mita za mraba 10 hivi, subiri dakika 10 bila kuacha ikauke, sugua kwa mashine ya mizunguko 175 kwa dakika yenye pedi nyeusi, kusanya uji kwa mashine ya kunyonya maji au kwa mpira wa kusukumia maji na chepeo, suuza mara 2. Kwa mita 200 utatumia kama lita 40 za mchanganyiko na lita 100 au zaidi za kusuuzia. Uji huo usimwagwe kwenye mtaro wa wazi unaoelekea baharini. Peleka kwenye mfumo wa majitaka.

*Inapoharibika.* Polishi inayotoka unga mweupe chini ya viatu wiki moja tu baada ya kupakwa ina sababu moja kuliko zote: dawa ya kuvulia haikusuuzwa. Gusisha karatasi ya pH kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia yaliyoko sakafuni, kisha kwenye maji ya bomba. Namba zikifanana, paka. Zikitofautiana, suuza tena. Ikigeuka manjano, umepaka mikono juu ya uchafu. Ikinata na kushika nyayo, ni sabuni ya unga iliyobaki kwenye deki.

Kwenye zahanati angalia chini ya chupa ya ukutani ya dawa ya kutakasa mikono. Utaona vidoa vyeupe vya duara, vingine vimebonyea katikati. Spiriti inayeyusha akriliki, na kila tone ni shimo dogo. Sahani ndogo ya kukingia chini ya chupa huokoa mita nzima ya sakafu.

*Inamfaa nani.* Mwenye vigae vya mchanganyiko, mhudumu wa usafi wa kudumu aliyefundishwa, maji ya kutosha, na anayeweza kufunga usiku mmoja mara chache kwa mwaka. Pia mwenye sakafu inayochakaa vipandevipande, kwa sababu polishi hutengenezwa mahali palipochakaa tu na haionekani sana. Kuhusu utelezi, tafuta kwenye lebo kipimo cha msuguano cha ASTM D2047; kinachotakiwa ni 0.5 au zaidi, na kipimo hicho ni cha sakafu kavu.

Njia ya pili: koti la poliurithani

*Inavyofanya kazi.* Hili ni la sehemu mbili, utomvu na kigumisho, vinavyochanganywa palepale. Badala ya kukauka tu, vinaungana kikemia na kuwa tabaka gumu linalostahimili spiriti, iodini na sabuni nyingi za hospitali. Halivuliwi kwa dawa ya kawaida. Hiyo ndiyo sifa yake, na siku ya tatizo ndiyo adha yake.

*Kazi na vifaa.* Matayarisho ndiyo robo tatu ya kazi. Mabaki yote ya polishi, nta na silikoni yatoke. Sakafu isuguliwe kwa pedi ya msasa ya PU ili koti lipate pa kushika, ifyonzwe vumbi, ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ikauke. Kiwango cha kawaida ni mililita 50 hadi 60 kwa mita ya mraba kwa mkono, hivyo mita 200 kwa mikono 2 ni lita 20 hadi 24. Utaona kiasi ni karibu sawa na polishi, ila lita moja ya PU ni ghali mara nyingi zaidi.

Ukishachanganya, saa inakimbia. Mchanganyiko hudumu saa 1 hadi 2, na joto letu la mchana hupunguza muda huo. Changanya kidogokidogo, lita 2.5 kwa wakati, uwianishe kwa kipimo na si kwa macho. Kigumisho kikipungua koti halikomai, kikizidi linakakamaa. Mtu mmoja apake kingo kwa brashi, mwingine amfuate kwa rola mara moja, ukingo uliokwishakauka usiungane na mbichi. Anza alfajiri. Kabla ya siku yenyewe soma kikomo cha unyevu wa hewa kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa, kisha uangalie kalenda: Juni hadi Septemba ni salama kuliko Februari. Kigumisho kina isosiyaneti, kemikali inayodhuru mapafu na ngozi, hivyo madirisha yawe wazi, glavu na miwani zivaliwe, na jengo liwe tupu.

Baada ya saa 12 unaweza kutembea kwa soksi au viatu laini. Samani zirudi siku ya 3, kwa kunyanyuliwa na si kuburutwa. Kapeti na deki ya maji visubiri siku 7.

Baada ya hapo kazi ya kila siku ni ndogo: vumbi, deki, basi. Hakuna kusugua kila mwezi.

*Inapoharibika.* Ikishindikana, inabanduka kama ngozi iliyoungua jua, kuanzia mlangoni. Sababu karibu zote ziko chini yake: nta iliyobaki, sakafu isiyopigwa msasa, au unyevu wa zege. Malengelenge ni unyevu. Mikwaruzo ya miguu ya viti vya chuma huonekana kwa sababu uso ni wa aina moja, na ukipaka kiraka, kiraka nacho kitaonekana. Mara nyingi chumba kizima hupigwa msasa upya. Kwenye vigae vya mchanganyiko hatari inaongezeka, maana maungio ni mengi na kigae hucheza kidogo kwa joto, koti likapasuka kufuata mstari. Uliza mtengenezaji wa kigae kama anakubali PU juu yake. Jibu la mwenye kuuza PU peke yake halitoshi.

*Inamfaa nani.* Wodi, maabara, chumba cha kufungia vidonda, duka la dawa lenye kumwagika kwa dawa, na sakafu za vinaili laini ambazo koti lake la kiwandani limechoka. Pia mwenye jengo asiye na mhudumu wa kudumu lakini mwenye fedha ya kutoa mara moja na wiki moja ya kufunga. Fundi awe ameshaifanya kazi hii. Mpaka rangi hodari si lazima awe hodari hapa.

Njia ya tatu: kuacha bila koti

*Inavyofanya kazi.* Kwa vigae vyenye koti la PU la kiwandani, kinga tayari ipo. Ukipaka polishi juu yake unaweza kujiletea kazi ya kuvua ambayo hukuwa nayo, na akriliki kwenye uso ule wa kuteleza mara nyingine hushika vibaya na kubanduka kwa vipande. Kwa kigae cha mchanganyiko kilicho wazi, njia hii ina maana ya kukubali sakafu isiyong'aa ambayo itakoza rangi njiani watu wanakopita.

*Kazi na vifaa.* Nidhamu ya kila siku. Mopu kavu mara 2 au 3 kwa siku, zaidi wakati wa upepo wa kusi ambapo vumbi huingia hata milango ikifungwa. Deki kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia mopu. Sabuni isiyo kali yenye pH karibu 7, vijiko vya chai 2 hadi 3 kwa lita moja ya maji kwa aina nyingi. Mopu ikamuliwe mpaka isidondoshe. Maji ya kumwaga kwa ndoo, kama tunavyofanya kwenye saruji, huzama kwenye maungio na kuachisha gundi. Mwezi mara moja sugua kwa brashi laini au pedi nyekundu pale palipofifia. Mita 20 hadi 30 unaweza kuzifanya kwa mkono, bila umeme.

*Inapoharibika.* Taratibu, na kimyakimya. Mikwaruzo myembamba inaanza kaunta inapoanzia, inashika vumbi, kisha njia nzima inakuwa ya kijivu. Kwenye kigae cha tabaka, siku picha ya mbao ikianza kufifia, hakuna la kufanya tena isipokuwa kubadilisha. Dawa ya klorini kali inayomwagwa bila kipimo hufifisha rangi. Ukiona kijivu kinaongezeka lakini picha bado nzima, huo ndio wakati wa kuhamia njia ya kwanza au ya pili, usingoje.

*Inamfaa nani.* Ofisi ya watu wachache, chumba cha hosteli, fremu ya kupanga, na mahali ambapo maji ni ya kununua. Haimfai mwenye vigae vya mchanganyiko mlangoni pa soko.

Kwa hali yako

Ofisi ya benki au duka kubwa mjini Mtwara au Masasi lenye vigae vya mchanganyiko: polishi, na kazi nzito ipangwe kati ya Juni na Septemba. Kuanzia Oktoba korosho zikianza kuuzwa minadani na fedha kuingia mikononi mwa wakulima, hutapata usiku wa kufunga wala mchana usio na foleni. Kama jengo lina jenereta, hakikisha linabeba mashine. Mashine ya kusugua ya kawaida hutaka kilowati 1.1 hadi 1.5, na mara mbili au zaidi ya hapo wakati wa kuwaka, hivyo jenereta la kVA 1 litazima.

Ofisi iliyo ndani au jirani ya ghala la korosho ni jambo la peke yake. Maji ya ganda la korosho yana fenoli, yanaunguza ngozi na kuacha doa jeusi. Hapo hoja ya kwanza ni kuwazuia watu wenye buti za ghalani wasifike kwenye vinaili: kapeti refu, na ikiwezekana mlango tofauti. Baada ya hapo polishi ina faida, kwa sababu doa hukaa kwenye ngozi inayovuliwa.

Wodi na zahanati zenye vinaili laini: PU ya kiwandani ikiwa nzima, iache. Ikichoka, paka PU chumba kimoja kimoja huku wagonjwa wakihamishwa. Kama kuhamisha haiwezekani kwa siku kadhaa, polishi ya usiku mmoja inabaki kuwa chaguo, mradi ujiandae kwa vidoa vya spiriti.

Shule, vyuo na hosteli: likizo ya Juni inaangukia kiangazi, nayo ndiyo nafasi yenu ya njia yoyote ya kupaka. Madarasa yenye viti vya chuma yaanze na vikofia vya miguu vya plastiki au felti, kabla ya kununua galoni moja ya kitu chochote.

Newala, Tandahimba na popote ambapo lita 150 za maji kwa sakafu moja ni mzigo: PU kama bajeti ipo na zege ni kavu, au bila koti kama vigae vina kinga ya kiwandani. Polishi inawezekana pia, ila kwa mpango wa kuongeza mkono kila robo mwaka ili kuvua kusogezwe mbali, na maji ya mvua yakingwe kwa ajili ya kusuuzia.

Fremu ya kupanga ya mkataba wa mwaka mmoja: usimpakie mwenye nyumba PU. Kapeti mlangoni, ubao chini ya pikipiki, deki iliyokamuliwa, na mikono 3 ya polishi kama kigae ni cha mchanganyiko na kilikuwa wazi ulipoingia.

Ukiwa bado katikati, jaribu mita 2 kwa 2 mlangoni, pale pachafu kuliko pote, kwa ile njia unayoielekea. Ipite miezi 3, angalau mmoja ukiwa wa mvua. Na katoni moja ya vigae vya toleo lilelile iwekwe stoo ikiwa imelazwa, si kusimamishwa, kwa sababu toleo linalofuata halitakuwa na rangi ileile.